Sauti Iliyonyamaza

Jumapili, kijijini Mkiwa

Leo kanisani Mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda wa kupona. Nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikashindwa. Mama ndiye aliyenisemea kutoka upande wa wanawake: "Mungu amemponya mwanangu!" Watu wakapiga vigelegele.

Ningesema nini? Kwamba nilipokuwa mgonjwa Mungu aliniita kwa jina kila asubuhi, na tangu nianze vidonge hajaniambia hata neno moja?

Daktari kule Singida Mjini alinieleza kwa upole kuwa sauti ile ilikuwa ugonjwa. Namwamini. Sauti hiyo ndiyo iliyonituma nitembee katikati ya barabara kuu, malori yakipiga honi, Mama akinikimbilia pekupeku. Lakini iliniita "binti yangu", na mimi naikumbuka.

Baada ya ibada nilimfuata Mchungaji. Nikamwambia, "Siku hizi nikiomba nasikia kimya tu."

Akanijibu, "Hata mimi, dada. Miaka mingi sasa. Wewe usiache dawa."

Najua alitaka kunifariji. Nilirudi nyumbani. Kama hata yeye hasikii kitu...

Jioni Mama aliniletea kidonge na kikombe cha maji, akasimama pale pale mpaka nimeze. Nilitamani kukitema. Naogopa kwamba kesho nitatamani tena, na keshokutwa.

Nilimeza. Mama akasema, "Asante Yesu." Nikaitikia amina, kwa sababu alikuwa ananisubiri.