Sisi Watu wa Mlenda

Mpwapwa, 4 Novemba 1915

Mdogo wangu Raheli,

Hujambo? Mama hajambo? Mwanao Loisi ameanza kutembea? Mimi mzima, ila moyo hapana.

Juzi nilikuwa napakua chakula cha yule bwana Mjerumani wa kikosi ninayempikia. Akaniuliza, "Sila, ninyi Wagogo mnakula nini?" Nikasema ugali wa uwele na mlenda, majani yetu ya porini, nyama mara chache sana. "Basi ng'ombe wote wale wa nini?" Nikajibu, "Wa kutazama tu, bwana." Wakacheka meza nzima. Nami nikacheka, nikaona nimekuwa mtu.

Leo askari wametumwa huko Buigiri kuchukua ng'ombe wa vita, maana eti wenyewe hawawali. Ni mdomo wangu, Raheli. Watawanyeni kwa marafiki wawatunzie, upesi.

Kaka yako, Sila

Buigiri, 19 Novemba

Kaka, shikamoo.

Tunapumua. Barua yako Khamisi muuza chumvi ameileta askari wakiwa wameshapita. Wamechukua wote, hata Mabaka tuliyekuwa tukimkamua. Mama alishika kamba yake, akasema, "Mwanangu, huyu ndiye anayemlisha mjukuu wangu." Askari akamwambia, "Bibi, si mnakula majani ninyi? Mpishi wa bwana kasema, naye ni mtu wa kwenu."

Mama akaachia kamba.

Mvua hakuna. Mlenda mkavu unakwisha. Mwaka wa njaa tulikuwa tunampeleka ng'ombe Kondoa, tunarudi na uwele. Sasa tupeleke nini? Mimi maziwa yamekauka. Loisi anakunywa uji mwepesi kama maji, hata kukaa hawezi.

Mdogo wako, Raheli

Mpwapwa, 2 Desemba

Raheli wangu,

Naona haya hata kuwauliza hali. Nimempigia bwana magoti, nikaomba ng'ombe mmoja tu, mwenye maziwa. Kasema wamechinjwa. Kanipa paja: "Peleka, wajifunze kula nyama." Nimelipaka chumvi, analo Khamisi. Najua mtoto hatafuni. Mchemshieni, anywe mchuzi. Mwambie mama nimekosa. Sina mengine.

Kaka yako, Sila

Buigiri, 15 Desemba

Sila,

Loisi tumemzika Jumatatu. Nyama ilifika jioni yake. Watu waliokuja kulia walikuwa na njaa, tukawapikia. Mama naye alikula, akaomba aongezwe mchuzi.

Usituandikie tena.

Raheli