Kondoo Kwenye Kivuli cha Mnara

Debrecen, Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na Mama anapata usingizi katika joto hili. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, na leo sitakuficha.

Kazi yangu unaijua. Ule mnara uliosimama malishoni kwako unapima maji, joto na hewa ya kaboni vinavyopanda na kushuka kati ya majani na anga, nami naingiza vipimo kwenye modeli ya kompyuta. Kiangazi hiki wakuu wa mfereji wanaitumia modeli hiyo kuamua malisho yapi yapewe maji. Yanayomeza kaboni yatapewa. Mengine yatakauka.

Basi modeli imesema malisho yetu yanatoa kaboni, tena saa sita mchana, wakati majani ya dunia nzima yanaivuta. Nikamweleza mkuu wangu, Dokta Tihamér, kwamba saa hiyo ndipo kondoo wanapojilaza, na huko kwetu hakuna kivuli ila cha mnara na kibanda chake, kwa hiyo tunapima pumzi za kondoo. Aliniuliza kama siku hizi nachunga kompyuta. Wenzangu wakaangua kicheko, na mmoja akanililia mee hadi jioni. Mtu hajawahi kukanyaga mavi ya kondoo, eti anifundishe mimi malisho!

Sikukubali. Jana nikalisema mbele ya wakuu wa mfereji. Hapo Tihamér akasema alikuuliza mwenyewe, mkinywa palinka yako, ile pombe kali ya matunda, nawe ukamwapia kwamba kondoo hawafiki pale, kwamba umezungushia mnara seng'enge aliyokuletea.

Baba, seng'enge ile iko kwenye banda la kuku la Mama. Nimeiona kwa macho yangu. Najua uliogopa kundi litakosa kivuli, lakini mimi mwanao mbona ulinificha? Njia ya mwongo fupi, na hii yako imeishia mferejini.

Sasa lisikie kwangu kabla hujalisikia kilabuni. Niliwaambia wote pale kwamba baba yangu amesema uongo. Hawakuniamini. Walidai binti anatetea malisho ya kwao, afadhali wamsikie mzee mwenyewe.

Alhamisi watafika huko, saa sita mchana. Waache kondoo walale walipozoea, kisha useme kweli kwa mdomo uleule uliomwapia Tihamér.

Mwambie Mama nampenda. Nawe nakupenda, ingawa leo hasira imezidi.

Bintiyo,
Etelka