Mjukuu Mmoja, Masultani Wawili

Wajumbe wa sultani wa Rumi na wa sultani wa Misri wanakuja wote wawili hapa Kizilkaya kumpakata mjukuu wangu Tuman siku ya kutahiriwa, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Mpendwa mshauri, nisamehe, furaha imenitangulia mlangoni; hujambo wewe na wa nyumbani? Naomba msaada, na kwa kuwa barua hizi husomwa kwa sauti kwenye nyumba ya misafara, msomaji asimung'unye maneno hapa: mimi ni Aybike, mama yake Sevindik Bey, bwana wa ngome hii na malisho yake yote, kijana ambaye kwa mwaka mmoja amekuwa mtumwa mtiifu wa masultani wawili, na wote wawili wakamletea majoho, la Rumi lina manyoya shingoni, la Misri ni hariri tupu, sasa niambie ni mama gani mwingine milimani humu mwenye mtoto wa namna hiyo.

Basi mjumbe wa Rumi alipokuja wakati wa theluji nikamwambia, mjukuu wangu atakaa mapajani pako, akafurahi hadi machozi, na wa Misri alipokuja na mikate ya sukari nikajikuta nimemwambia vilevile, sukari ile tamu jamani, na siku nikaitaja ileile, Ijumaa. Balaban mchungaji ndiye tuliyemwahidi tangu mtoto azaliwe, kwa sababu jeshi lilipochoma malisho yetu alimficha Sevindik chini ya manyoya ya kondoo, lakini huyo si neno, ataelewa.

Sevindik aliposikia alikaa chini. "Mama, umeniuza mara mbili."

"Wewe umejiuza mara nne, mwanangu, mbili Rumi na mbili Misri, mimi nimefuata nyayo."

"Nikimkosea mmoja, jeshi lake litakuwa hapa kabla nyasi hazijakauka. Baba mdogo alirudishwa kichwa tu, kwenye mfuko wa shayiri."

Hapo nikaacha kucheka. Nimpe nani mapaja?

Aybike, Kizilkaya

*

Mama Sevindik,

Hongera ya mjukuu, na ulimi wako ungetahiriwa kwanza. Umegawa kiti kimoja kwa watu watatu, halafu ukamwona wa kwanza kuwa si neno. Mwanao yu hai kwa sababu ya huyo asiye neno. Tuman atakaa mapajani pa Balaban.

Usianze kulia, wajumbe wana dawa yao. Umesahau mila yako mwenyewe? Anayempakata mtoto damu ikamdondokea amekuwa ndugu, na nyumba zao haziozani tena vizazi na vizazi. Tuman si ana dada? Mwite kila mjumbe kando, umwambie kwa upole: "Bwana wangu, ukimpakata huyu, utaufunga mlango wa harusi ambao sisi tungependa ubaki wazi." Watarudi kwao wakitabasamu, kila mmoja na siri yake. Ila usiahidi kitu. Nasema tena kwa sababu nakujua: usiahidi, hata wakuletee sukari ya kujaza kisima.

Sevindik asivae joho la yeyote. Avae koti lake la sufi, la kuchungia, na mtu akiuliza aseme ni heshima kwa mpakataji.

Na Ijumaa ulifikiria nini, mama? Imamu atapanda mimbari amwombee sultani yupi, wageni wawili wakiwa wametega masikio? Sogeza. Wafike Jumapili, mtoto atahiriwe kesho yake, wale kondoo, wanywe maziwa ya farasi, Alhamisi wawe njiani na vumbi lao.

Lakini kwanza kabisa, leo, kabla hujatuma farasi kwa sultani yeyote, nenda kwa miguu hadi zizini ukamwombe Balaban radhi. Ukishapata jibu lake, tangaza kwa Rumi, kwa Misri na kwa sisi wa nyumba ya misafara hapa njia panda, maana mimi nimeshatoa kilemba changu sandukuni: wote tunangojwa Kizilkaya Jumatatu ya kwanza baada ya kondoo kunyolewa.