Maziwa Iko Moto

Quartier Asiatique,
Bujumbura
16 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Thuwaiba,

Assalam aleikum. Hujambo huko Maskati? Jino lile limeacha kukukosesha usingizi? Huku tu wazima, alhamdulillah, ila Baba anachechemea na Kaka Rayan ana jeraha usoni. Jeraha hilo nimelitia mimi. Ndiyo, mimi, ambaye hata kuitikia "présent" darasani naona haya.

Ni habari ya Madame, kondoo wako uliyemwacha uani nyuma ya duka. Alizaa mapacha, tukafurahi. Kisha akaanza kuwapiga wanawe. Kila walipoinama kunyonya aliwarusha kwa teke, na yule mdogo akambamiza ukutani hadi damu ikamtoka puani.

Rayan akamfunga Madame kwenye bomba la maji, akachukua mpini wa ufagio. "We ni mama gani, we? Nyonyesha mutoto!" Akampiga mgongoni, akampiga mbavuni. Madame alisimama tu, miguu ya nyuma ameitanua kama mtu aliyeungua mapajani.

Nilipompelekea majani nikamgusa chini. Upande mmoja wa kiwele ulikuwa laini. Wa pili ulikuwa mgumu kama jiwe, mwekundu, unachoma.

Shangazi, unajua hapa kwetu kiwele hatukiiti hivyo, neno ni moja, maziwa, ya kunywa na ya kifuani. Kwa Kifaransa ningesema mamelle bila shida, kama kwenye somo la biolojia. Kwa Kiswahili, mbele ya Baba na wateja wake, ulimi ulikataa. Nikatazama sakafu, nikasema, "Baba, maziwa iko moto."

"Itoe kwa jiko basi, ipoe," akajibu, huku anakata kitambaa.

Nikaondoka. Sikurudi kusema tena.

Kesho yake yule mdogo akafa. Baba akaja uani na kisu. "Mama mwenye anaua watoto ni wa kuchinja." Rayan akamwangusha Madame, akamkalia shingoni. Nikasema apana, apana, lakini kwa sauti yangu hii unayoijua. Basi nikaokota ule mpini wa ufagio nikampiga Rayan usoni kwa nguvu zangu zote. Akaanguka. Damu ikamjaa machoni. Madame akakurupuka, akampiga Baba teke la goti, kisu kikaruka.

Nikamkumbatia Madame kiuno, nikashika chuchu, nikakamua. Shangazi, yalitoka maji ya njano, mabonge, usaha na damu, yote kwenye kanzu ya Baba. "Maziwa ndiyo hii!" nikapiga kelele hadi wateja wakaingia uani. "Nilikwambia iko moto!"

Baba aliitazama kanzu yake, akakiacha kisu pale kilipoangukia, akatuma mtu amwite daktari wa mifugo.

Jioni alikuja Consolate, veterineri wa Ngagara. Alimdunga Madame sindano, akatufundisha kuukamua upande mbovu mara kwa mara, kumwaga mbali yanayotoka, na kunawa kabla ya kugusa upande mzima. Majani ya kulalia yaliyooza kwa mvua na mavi ametuamuru tuyatupe, anasema huenda uchafu uliingilia hapo. Rayan akamuuliza mbona Madame alikuwa mkali hivyo. "Wewe mutu akikuvuta jipu, utamubusu?"

Madame atapona, inshallah, lakini nusu ya kiwele imekufa. Imekuwa ya bluu, baridi, na itakatika yenyewe. Consolate anasema asizae tena. Tungemwita mapema ingepona. Hilo linaniuma kuliko makofi niliyopigwa na Mama kwa kumjeruhi Rayan.

Mwanakondoo aliyebaki ananyonya chupa. Rayan humshika Madame miguu nikikamua. Bado Madame anampiga mateke, nami simhimizi kukwepa. Na kila asubuhi Baba anaita kutoka dukani, wateja wote wakisikia, "Nawal! Maziwa ya Madame iko aje? Ya kifuani!" Nami najibu kwa sauti.

Mama anakusalimu sana. Baba pia, na Rayan, kwa jicho moja. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akuweke karibu na watu wanaosikia neno la kwanza.

Nikupendaye, binti wa kaka yako,
Nawal