Kambare wa baba-mukwe

Mweso, siku ya ine tangu wakwe zangu wakimbilie kwangu

Na mimi njo nilijisifu kwa kartie nzima: nimeona akwariumu za Kampala na za Dubai, samaki wote ni ndugu, changanya tu mu kioo moja. Sasa kambare wa baba-mukwe amemeza samaki wangu wadogo wekundu tisa. Wamebaki wawili.

Nitamutoa namna gani? Muzee alikimbia vita ya Kirolirwe naye mu bidon ya maji. Kwa bwawa lake lote amebaki huyo mumoja.

Leo akaniuliza: «Mukwe, wadogo wanaenda wapi?»

«Wanajificha, Papa.»

«Wako mu tumbo ya kambare wangu. Basi tumupike.» Akageuka ukutani.

«Hapana, Papa. Hatumupike.»

Barabara ya Goma imefungwa, kioo ya pili ya kuwatenga haitafika. Nimehamisha wekundu wawili mu sufuria kubwa ya bibi yangu, ile moja tu ya kupikia. Kesho atapikia mu nini, sijui, na sijamwambia bado.