Mkurugenzi Amewagomea Nyenje

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, kutoka kwangu na kwa wote wa mlango huu wa kijani. Hujambo? Baridi imekupunguzia ukali, au bado unalala na soksi? Na mgongo je, tangu wakuanzishie zamu za kusimama? Usinijibu "sijambo" ya kunituliza, niambie ukweli. Sisi huku ni wazima. Kaka yako mzima, mama mzima, na Bonge mtoto wenu ameota jino la nne, sasa anamng'ata kila anayempenda. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii, na ndiyo maana umeona bahasha badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe tunakatana maneno, halafu unasema "haya wifi, baadaye," nami nabaki na nusu ya maneno yangu kooni. Karatasi haimkati mtu.

Basi niseme. Mkurugenzi, mjusi wako, bado hajashika chakula.

Nakumbuka ulivyosema Jumapili, na ulisema kwa upole, sikatai. Kwamba kama mpaka Jumamosi mjusi wako hajala, nimwite yule muuza wadudu aje amchukue, akampe mtu mwenye uzoefu. Neno hilo la uzoefu limenikaa, wifi. Sijakasirika. Najua uliniachia kwa sababu hukuwa na pengine pa kumweka, na najua darasani sikufika mbali. Lakini tangu uliseme siwezi kukaa kitako. Nashona pindo moja nainuka kumtazama, nashona la pili nainuka tena. Juzi suruali ya mteja nimeipinda mguu mmoja kwa ndani na mwingine kwa nje. Akaniuliza, "Mama Bonge, hii ni fasheni?" Nikamwambia ndiyo.

Sanduku lake la kioo nimelitoa sebuleni, liko kando ya cherehani yangu, dirishani. Taa yake ya joto inawaka kutwa kama ulivyoagiza. Anakaa juu ya jiwe lake, zile ndevu zake za miiba chini ya kidevu zimemlegea, ananitazama kama bosi aliyeletewa chai ya baridi. Zamani akisikia nafungua kopo alikuwa anashuka mbio mpaka anajikwaa. Sasa nyenje akiruka mbele yake anafumba macho na kugeukia ukutani. Mjusi kunifumbia macho mimi!

Mwanzo nililaumu wadudu. Nikambeba Bonge mgongoni mpaka kwenye kile kibanda cha makopo, karibu na fundi saa. Muuza wadudu akaniuliza, "Macho yake yameachana kiasi gani?" Nikadhani ananidhihaki. Kumbe ndivyo wanavyopima: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya jicho na jicho, akizidi hapo anaweza kumkwama mjusi au kumsumbua tumbo. Nikarudi nikampima kwa utepe wangu wa kushonea. Alinifungulia mdomo wote, nikaangusha utepe ndani. Kweli, wale nyenje wangu walikuwa wamezidi kidogo. Nikanunua wadogo. Hakuwagusa.

Nikajaribu funza wa unga. Alimlamba mmoja, akamtema, akapangusa ulimi kwenye jiwe. Muuza wadudu akasema nisisikitike sana, funza hao ganda lao gumu, si wa kila siku. Akanionyesha wengine weupe, wanene, viwavi wa nta, akasema hao hata mjusi mgonjwa hawakatai, maana ni mafuta matupu. Mkono wangu ulishakwenda kwenye kopo, wifi. Halafu akaongeza kwamba wengi wakishaonja hao hawataki kingine. Nikaona ni kama nilivyomtia Bonge sukari kwenye uji siku zile ana homa, mpaka leo uji usio na sukari anautema kifuani kwangu. Nikaurudisha mkono.

Kaka yako naye hakutaka kuachwa nyuma. Akatoka kazini na mfuko mzima wa panzi aliowakamata kwenye majani nyuma ya karakana, kifua mbele kama amerudi na nyati. Nikamuuliza kama majani yale hayapigwi dawa. Akajikuna shingo. "Kidogo tu," akasema. Nikamwambia basi wale wewe, kidogo tu. Akaenda kuwaachia, lakini uvivu wa mume wangu unaujua, aliwaachia hapo hapo kwenye ngazi. Jirani wa chini alipanda na ufagio mkononi, na tangu siku hiyo salamu yake ni ya nusu mdomo.

Sikuacha kitu, wifi. Wadudu wenyewe nawalisha kwanza karoti na mboga za majani, kwa kuwa tumbo la mdudu ndilo chakula cha mjusi. Karoti moja humu ndani inaliwa na Bonge, inaliwa na nyenje, mabaki natia kwenye mchuzi. Halafu nawatia kwenye kopo lenye ule unga wa chokaa wa kumkaza mifupa, natikisa, wanatoka weupe kama waoka mikate. Yote hayo, na yeye anafumba macho. Nikaanza kuamini ananiogopa mimi. Nikawa najinusa mikono. Nikabadilisha sabuni. Nikawa namwonea haya, mjusi.

Sasa sikiliza la jana, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujapiga simu.

Jana mchana Bonge alikuwa amelala. Nikashuka kupeleka gauni la watu, nikafika ngazi ya chini nikakumbuka nimesahau mkanda wake. Nikarudi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Unamjua mama na huyu mnyama wako: hataki hata kumtaja, akipita pale anajifunika mtandio usoni, anasema akimwona tu usingizi wa usiku umeharibika. Basi mama yule yule nimemkuta amechutama mbele ya sanduku, kifuniko amekiinua, kopo la nyenje mkononi, anamimina.

"Kula, baba," anamwambia. "Kula, hakuna anayekuangalia."

Nilikohoa. Akashtuka, lakini kopo hakuliachia.

"Usinitolee macho hivyo," akasema. "Anaona haya kula mbele za watu. Nawe unamsimamia kichwani na utepe kama unamshonea suti."

"Mama, umeanza lini?"

"Tangu mwenyewe aondoke. Kwani nimeiba? Nani amewahi kulala njaa katika nyumba yangu? Awe na mkia, asiwe na mkia, ni mgeni wa binti yangu."

Nilitaka kucheka, wifi, kicheko kikafia njiani. Maana nilikuwa najua ninaowatia mimi, wachache, na asipowala nawatoa. Kumbe nikiwatoa wangu, mama anatia wake. Nikainua lile gogo lake la kulalia. Nyenje. Nikainua jiwe. Nyenje. Kwenye pembe, chini ya sahani ya maji, kila mahali, wakubwa wale wa mwanzo, wamekonda, wana njaa. Nikamtoa Mkurugenzi, nikamgeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Mkia kwa chini una vidonda vidogo vidogo kama vya sindano. Vidole vya nyuma pia. Na kimoja karibu kabisa na jicho.

Walikuwa wanamla yeye. Nyenje akikosa karoti huuma kilicho karibu, na aliye karibu, tena amelala, ni huyu. Ndiyo maana kila nikimletea nyenje anafumba macho. Hakuwa ananiogopa mimi. Alikuwa anaogopa chakula chenyewe, na mimi kila siku namletea adui zake kwenye sahani, nimewapaka na unga.

Mama alivisogelea vile vidonda, anavitazama. Mtandio haukuwa usoni. Kisha akasema polepole, "Kumbe sikumlisha yeye. Nimewalisha wao."

Nilitaka kumkumbatia, nina mjusi mikononi. Akainuka mwenyewe, akaleta kikombe cha chai na tochi, tukaanza kuwasaka. Mama yako, wifi, ameingiza mkono mpaka kwenye kwapa ndani ya sanduku lile. Mmoja alimrukia kifuani akapiga ukelele, Bonge akaamka, tukawa watatu tunapiga kelele. Lakini hakuacha mpaka gogo likawa tupu. Nakuomba kwa mapenzi uliyonayo kwangu, usimtanie kwenye simu. Hata kidogo. Tangu jana anapita hapa kila mara, anasimama, anauliza kwa macho, anaondoka.

Jioni ile ile tulimfikisha kwa daktari wa mifugo. Akasafisha vidonda, akatupa dawa ya kupaka, akasema jicho lenyewe limeepuka hatari, na kwamba ngozi itajifunga mradi asilale tena na mdudu hata mmoja. Kuhusu kula hakuniahidi. Alisema mjusi aliyeumwa hivi huchukua muda kuamini, na wengine wanachelewa mno kuamini.

Leo asubuhi nikarudi kibandani, nikachagua upya. Safari hii sikuuliza mjusi wangu anapenda nini, niliuliza yupi hana ubaya. Muuza wadudu akanipa mende wa kufugwa, wadogo, wa kahawia. Hawapandi kioo, hawaimbi, hawarukii mtu, wanakwenda polepole kama wanaosubiri kuhudumiwa. Kaka yako aliposikia alikaa chini. "Tunawapiga dawa jikoni bure, halafu wewe unawanunua?" Nikamwambia hawa si wale, hawa wana wazazi. Akasema basi wawe na chumba chao, asiwakute kwenye kiatu.

Asubuhi nilimshika mmoja kwa kibano, nikampelekea Mkurugenzi mbele ya pua. Alifumba macho. Nikamtoa mende, nikafunga, sanduku nikaliacha tupu kabisa, aone kwamba akisema hataki, kinaondoka. Saa sita nikarudia. Akafumba tena. Nikaanza kukuandikia barua hii ili mikono yangu ipate kazi nyingine, maana nilikuwa naelekea kumtia mdomoni kwa nguvu, na daktari alinikanya.

Subiri wifi, mama ananiita.

Nimerudi. Mama alikuwa amesimama mbele ya sanduku, ananiita bila sauti, kwa mkono tu. Mkurugenzi ameshuka kwenye jiwe. Mwenyewe, bila kuitwa. Nikachukua kibano, nikachukua mende. Safari hii alifumba jicho moja. Lingine akaliacha wazi, linamfuata mende huku na huku, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesoma tangazo. Hatukupumua. Halafu ulimi, halafu mdomo, akamkata, nusu ikamwanguka, nikasema moyoni tayari, imekwisha. Akainama akaiokota.

Wa pili alimkataa. Akarudi juu ya jiwe, akatupa mgongo.

Mmoja, wifi. Sijui kama mmoja anahesabiwa kuwa kula. Mama amekwenda chumbani kwake akafunga mlango, nami nimeketi hapa sijui nicheke au nifanyeje. Labda kesho atafumba macho yote mawili tena. Sikudanganyi kwamba amepona, na sikuahidi nisichokijua. Vidonda vipo, ndevu bado zimelegea, na mpaka Jumamosi si mbali.

Lakini nimefikiri hivi. Mtu mwenye uzoefu atakayepewa huyu hatajua kwamba anaogopa nyenje. Atamwagia kopo zima, kama wanavyofanya wote, na atafunga kifuniko. Kwamba anawaogopa tunajua sisi, wa mlango huu, kwa kuwa tuliomwogopesha ni sisi. Nilianza sentensi ya kukuomba uniongezee muda, nimeikata, umeona wino hapo juu. Sikuombi wifi, nakuarifu, na ukitaka kunigombeza nigombeze kwa barua ili nisome nimeketi. Muuza wadudu nimeshamwambia Jumamosi aje. Aje na kopo la mende wadogo, asije na kikapu cha kumbebea mtu.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, mwambie ile sweta yake nimeshaipima kwa macho kwenye picha, akitaka nimpunguzie mikono aitume. Msimamizi wako wa zamu msalimie pia, hata kama hatabasamu. Kaka yako anakusalimu, anasema umnunulie viatu vya kufunga juu, vile ambavyo mende haingii. Bonge anakusalimu kwa meno yote manne. Mama anakusalimu sana, sana, na ukipiga simu muulize habari za Mkurugenzi kwanza, kabla ya habari zake mwenyewe. Atajifanya hajui. Wewe muulize tu.

Mungu akulinde kwenye hizo zamu, akupe miguu isiyochoka na watu wema wa kukuuliza umekula nini. Usiku wako uwe na joto.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, hata siku ukinikasirikia,

Mama Bonge