Mayai Nyuma ya Sikio

Jumanne, 6 Mei

Si mba. Ni mayai ya chawa.

Wiki mbili nzima nimempaka binti yangu mafuta ya mba. Mimi! Miaka kumi na moja nasuka watu, naijua ngozi ya kichwa kuliko ninavyozijua sura zao, na kichwa cha mwanangu mwenyewe kimenipiga chenga. Mba ukiipuliza inaruka. Hivi vidude vimeng'ang'ania unywele, huvitoi hata kwa pumzi ya tembo. Aliyeona ni mwalimu wa afya, leo asubuhi, darasa zima likiangalia. Akamrudisha nyumbani na barua: asije shule hadi kichwa kiwe safi. Jumatatu atamkagua mwenyewe. Likionekana yai hata moja, anyolewe.

Na mwalimu huyo ni mteja wangu. Kila baada ya wiki tatu anakaa kwenye kiti changu. Jumamosi hii ni zamu yake. Uso wangu nitauweka wapi?

Nilimwambia mtoto labda tunyoe tu, yaishe. Hakulia. Alisema, "Mama, ukininyoa nitajulikana shule nzima."

Ana miaka minane. Nimemwahidi hanyolewi. Nimeahidi kwanza, kufikiri baadaye — kawaida yangu.

Jumatano, 7 Mei

Muuza dawa kanieleza jana jioni kwa sauti ya kulitosha duka zima. Dawa inaua chawa, mayai yanabaki. Hayo ni ya kutoa kwa kucha na kitana, moja moja, na dawa irudiwe baada ya wiki. Nikamwambia wiki sina, nina siku tano. Akanitazama kwa huruma, akamwita mteja mwingine.

Chawa wamekufa kweli. Kumi na saba kwenye taulo jeupe, kisha nikaacha kuhesabu.

Mwanga wa taa haufai. Mayai yanaonekana kwa jua tu. Kwa hiyo tumekaa uani tangu kulipokucha, yeye kwenye kigoda, kichwa mapajani mwangu, hadi muda wa kwenda kazini. Masaa mawili — na nimemaliza sehemu isiyozidi kiganja changu.

Kazini nimesema mtoto ana mafua. Bosi kanipa pole na malimau matatu nimpelekee. Nimeyapokea kwa mikono miwili, mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Wifi yangu ndiye anashinda na mtoto nikiwa saluni. Leo kaja na dawa yake: mafuta ya taa. Eti bibi yao aliwapaka wote utotoni na hakuna aliyekufa. Nimekataa katakata, chupa nimeificha juu ya kabati, naye kaninunia hadi jua lilipopanda. Mwishowe tumekubaliana siki ya vuguvugu. Inalegeza kidogo. Nyumba nzima inanuka siki. Mtoto kasema hata chawa angekuwa yeye angehama. Tukacheka wote, na wifi pia, alisahau kwamba amenuna.

Halafu nikafunua nyuma ya sikio la kulia. Yamejaa! Yamejipanga kuanzia kwenye shina, kana kwamba kwa siku mbili sijagusa kitu.

Nimekwenda kulia jikoni. Nimelia hasa, mdomo nimeuziba kwa kanga. Sina ujanja tena.

Ijumaa, 9 Mei

Vitana vyangu.

Nilikuwa naosha vyombo na wazo hilo likanijia, nikaacha sahani kwenye maji. Kila Jumapili najaribia mitindo mipya kwenye kichwa cha mwanangu kabla ya kuwasuka wateja. Ndivyo nilivyojifunza karibu kila ninachojua. Vitana ni vile vile vya saluni: navitia mkobani Jumamosi, narudi navyo Jumatatu. Je, navichovya kwanza kwenye dawa ya kuua vijidudu? Siku wateja wakijaa, hapana. Niandike ukweli, nani atausoma — siku nyingi tu, hapana.

Basi ama nimewapelekea wateja chawa kutoka kwa mwanangu, ama kuna mteja aliyemletea mwanangu, na aliyebeba ni mimi. Bosi akijua nimekwisha. Alishamfukuza mwenzetu kwa sababu ya upele wa mkononi tu.

Nimechemsha vyote. Viwili vimepinda, havifai tena.

Mgongo haunyooki. Macho yamechoka hadi wali mweupe naupekua kwenye sahani. Mtoto kauliza yamebaki mangapi. Nimesema machache. Nimemdanganya, naye kajua, akainamisha kichwa mapajani mwangu bila kuitwa.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nimejifungia kwenye choo cha saluni. Daftari liko gotini.

Asubuhi ilikuwa njema! Tumepekua tangu jua lilipochomoza, na yamebaki ya utosini tu, ya kuhesabika kwa vidole. Kesho namaliza. Nilikuja kazini naimba.

Mwalimu kaja saa nne. Kabla hata sijamfunga kitambaa kaniuliza habari za mtoto, chini chini, Bosi asisikie. Kumbe ana utu. Kasema masharti si yake, ni ya shule, na yeye mwenyewe yanamuuma. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nikaanza kumfumua.

Akasema, "Hapo nyuma ya sikio nina mba inayoniwasha, wiki ya tatu sasa. Nipake mafuta yako yale mazuri."

Nikapuliza. Haikuruka.

Nikapuliza tena.

Wiki tatu zilizopita ndipo nilipomsuka mara ya mwisho. Kwa kitana kipi? Na mtoto alianza kujikuna lini — kabla ya hapo, au baada? Nimejikamua akili, sikumbuki. Sijui nani kampa nani. Najua tu chawa wamepita mkononi mwangu.

Nikinyamaza nikampaka mafuta, Jumatatu kichwa hicho hicho kitainama juu ya kichwa cha mwanangu, na kazi yote ya wiki hii imekwenda bure. Nikisema, Bosi yuko hatua tatu kutoka kwenye kiti changu, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho hapa.

Nilimwambia mwalimu nafuata mafuta. Nimekuja na kopo lake hadi huku. Bosi kagonga mara mbili, mteja anasubiri, nina nini? Nimejibu tumbo.

Sasa kuna mtu mwingine mlangoni. Hagongi. Ni mwalimu, nywele nusu zimefumuliwa, bila shaka. Anasema chini chini, kama alivyoniuliza habari za mtoto:

"Dada, umeona nini kichwani mwangu?"